Kabla ya kukadiria nguvu ya ufa, jua unabanwa kiasi gani

Wahandisi chipukizi wakiniletea hesabu za mteremko wa mwamba wenye nyufa, natafuta kwanza namba moja: mgandamizo unaoubana ufa. Mara nyingi haipo. Ipo pembe ya msuguano (inayoonyesha jinsi kuta za ufa zinavyozuiana kuteleza), upo mshikamano (nguvu ambayo ufa ungekuwa nayo hata usipobanwa), basi.

Shida ni kwamba pembe hiyo haitulii. Kwa kanuni ya Barton, inayokadiria nguvu ya ufa kuzuia kuteleza, inategemea ukwaruzo wa ufa (kipimo cha 0 hadi 20), ugumu wa kuta zake na mgandamizo wenyewe. Chukua ufa wenye ukwaruzo 8, kuta za megapaskali 50 na pembe ya masalio (inayobaki ukwaruzo ukishasagika) ya nyuzi 28. Ukibanwa kwa megapaskali 0.5, pembe inafika nyuzi 44. Kwa megapaskali 5 inashuka hadi 36, maana vinundu vya kuta za ufa vinakatika badala ya kupandana. Sasa chora nguvu ya ufa dhidi ya mgandamizo, unganisha nukta hizo mbili kwa mstari ulionyooka: unakata mhimili wa nguvu kwenye megapaskali 0.13, nawe unauita mshikamano. Kwenye mteremko mfupi ufa hubanwa kwa 0.1 hivi. Hapo mstari unakupa nguvu ya 0.20, kanuni inakupa 0.12. Hiyo tofauti mwamba hauna! Ndiyo maana nasisitiza maabara wapime kwa mgandamizo wa eneo la kazi, hata kama mashine yao inaweza zaidi.

Nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu kwa mdundo wake, ipige kwenye ukuta wa ufa wenyewe, si kwenye jiwe zima la pembeni. Ukuta uliopitiwa na maji huwa laini zaidi. Michoro kumi ya ukwaruzo ya Barton na Choubey, ya 1977, ambayo unalinganisha nayo ufa wako ili kupata namba ya ukwaruzo, ni ya nyuso za urefu wa sentimita 10, kwa hiyo kwa ufa wa mita kadhaa punguza thamani. Watu wawili wakiisoma hawapatani. Mimi huchukua ya chini. Naliamini zaidi jaribio la kuinamisha: pandanisha vipande viwili vya ufa, inua taratibu mpaka cha juu kiteleze, soma pembe.

Halafu chomeka kisu ndani ya ufa. Kikizama kwenye udongo wa mfinyanzi mnene kuliko kimo cha vinundu, achana na ukwaruzo. Pima nguvu ya udongo huo. Na kama kuna maji, toa shinikizo lake kwenye mgandamizo kabla hujagusa kanuni.