Kwa unayeanza kuweka arifa za nafasi Google, usijizike kwenye imeili kama mimi

Nilipoanza kazi za SEO, yaani kuisaidia saiti ionekane juu kwenye Google, nilikabidhiwa saiti ya mteja mmoja yenye maneno kama 300 ya kufuatilia (yale watu wanayoandika wakitafuta), nikafungua zana ya kufuatilia nafasi nikakuta kuna mahali pa kutiki "nitumie imeili nafasi ikibadilika", nikatiki yote. Kupanda, kushuka, hata nafasi moja tu, kompyuta na simu. Nikajiona mjanja kweli, maana hakuna kitakachonipita. Siku tatu za kwanza nilizisoma zote kama barua za mchumba, wiki ya pili nikaziwekea filta ziende kwenye folda yao, na baada ya hapo mi na ile folda hatukuonana tena.

Sasa siku moja fundi wa saiti akapandisha toleo jipya kutoka kwenye saiti ya majaribio, na ile tagi ya noindex iliyowekwa kule ili Google isiingize kurasa za majaribio ikasafiri nayo mpaka saiti halisi. Kurasa za bidhaa zikaanza kudondoka moja moja kwenye matokeo, arifa zikalia kama kawaida, zikaingia folda kama kawaida, nami nikaendelea na ripoti zangu kama kawaida. Siku ya tisa mteja mwenyewe ndo akapiga simu kuuliza mbona oda zimekatika. Kufungua folda nakuta imeili mia nne na ushee, na ya kwanza kuhusu zile kurasa ilikuja siku ya pili. Yaani nilishaambiwa, mi ndo sikusikia.

Toka siku hiyo kabla sijaweka arifa najiuliza, hii ikilia saa nne asubuhi ntaacha ninachofanya nikafanye nini? Kama jibu ni "ntaangalia tu" basi hiyo sio arifa, inaenda kwenye ripoti ya wiki. Neno limetoka nafasi ya 14 kwenda 19, utafanya nini leo? Hamna. Lakini neno linaloleta wateja likitoka 3 kwenda 8 kuna kitu cha kuangalia leo hii, ukurasa unafunguka? kichwa cha ukurasa kimebadilishwa? nani kaingia juu yetu?

Kwa hiyo maneno ya kuwekea arifa ya papo hapo yawe machache, mi kwa saiti ya kawaida siendi zaidi ya 20, na nayachagua kwa kliki, sio kwa jinsi bosi anavyolipenda neno. Yaliyobaki yote yanakuja kwenye imeili moja ya Jumatatu.

Alafu jambo ambalo wengi wanalikosea mwanzoni, na mi nililikosea sana tu, ni kudhani nafasi ya wastani ya Search Console (zana ya bure ya Google inayokuonyesha saiti yako inavyoonekana kwenye matokeo yake) ni mahali ulipo. Sio mahali, ni wastani wa kila mara ukurasa wako ulipoonekana. Ukionekana nafasi ya 3 kwa mtu mmoja na ya 9 kwa mwingine inaandikwa 6, na pale 6 hakuna aliyekuona. Ubaya wake unakuja hivi: ukurasa wako ulikuwa unaonekana nchi moja tu, nafasi ya 4, mambo safi, ghafla Google ikaanza kuuonyesha na nchi nyingine huko nafasi ya 40, basi wastani unaporomoka na arifa inalia kwa nguvu zote wakati hujapoteza hata kliki moja, umeongezewa tu watu. Nimewahi kumtumia mteja imeili ndefu ya kumwomba radhi kwa habari njema ya aina hiyo, mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Dawa yake ni kuchuja kabla ya kulinganisha, nchi moja, kifaa kimoja, na arifa isilie kama nafasi imeshuka ila kliki ziko palepale.

Usilinganishe leo na jana pia. Data ya Search Console kwa kawaida inachelewa siku mbili tatu na zile namba za mwisho huwa bado zinajazwa, ukilinganisha nazo utaona kliki zimeanguka kila siku ya Mungu. Mi nachukua siku 7 zinazoishia siku tatu zilizopita nazipima na siku 7 zilizotangulia, hivyo kila upande unakuwa na wikendi yake. Na naweka kiwango cha chini, neno lililoonekana chini ya mara 100 kwa wiki halina ruhusa ya kuniamsha.

Kutengeneza yenyewe sio kazi kubwa kama unavyofikiria. Kama una bajeti, zana za kulipia kama Ahrefs na Semrush zote zina arifa za nafasi, unachagua maneno na kiwango basi. Kama huna, Google Sheets na Apps Script (sehemu ya Google ya kuandika skripti, yaani programu fupi) zinatosha kabisa kuanzia: skripti inaita API ya Search Console (mlango wa programu kuchukua data yenyewe), inachukua neno, ukurasa, kliki, kuonekana na nafasi, inamwaga kwenye shiti, inalinganisha, ikiona tatizo inatuma imeili au meseji kwa boti ya Telegram, unaiwekea saa iamke yenyewe kila asubuhi. Akaunti ya bure inaruhusu kama dakika 6 kwa kila mzunguko na imeili kwa watu 100 kwa siku, ukiona umefikia 100 wewe rudi juu ukasome habari ya folda yangu. Anza kuhifadhi data mapema pia, maana Search Console inakutunzia miezi 16 tu, ya nyuma zaidi imeondoka.

Kingine ambacho sikukijua ni ukurasa kubadilishana. Neno liko nafasi ya 5 wiki iliyopita na liko nafasi ya 5 leo, arifa ya nafasi imenyamaza, kumbe Google imeutoa ukurasa wa bidhaa ikaweka makala ya zamani ambayo haiuzi chochote. Nafasi ileile, hela imepotea. Ndo maana skripti yangu inashika neno pamoja na anwani ya ukurasa, anwani ikibadilika inalia hata kama nafasi haijasogea, na kusema kweli hiyo ndo imenisaidia kuliko zingine zote.

Na ile ya noindex? Hiyo usiisubirie nafasi kabisa. Mpaka nafasi ishuke Google imeshapita, imeshausoma ukurasa, imeshauondoa, halafu na data imechelewa juu yake. Nina skripti nyingine fupi mno, kila asubuhi inafungua kurasa zangu 20 yenyewe na kuuliza: umerudisha 200, yaani unafunguka salama? kuna neno noindex humo ndani? kichwa ni kilekile cha jana? Ingekuwepo enzi zile ningejua kesho yake asubuhi, sio siku ya tisa kwa simu ya mteja.

Meseji yenyewe iandike ili mtu aliyetoka usingizini aelewe. Zamani yangu ilisema "nafasi imebadilika: maneno 37". Ya sasa inakuja hivi: "Neno: viatu vya kukimbia. Simu. Nafasi 3.4 → 7.9, kliki 210 → 88. Ukurasa ni uleule. Unafunguka, hauna noindex. Mabadiliko ya mwisho kwenye saiti: Jumanne, menyu mpya." Huo mstari wa mwisho unatoka kwenye shiti ndogo ambayo kila anayegusa saiti anaandika alichofanya na tarehe, kuwashawishi mafundi waijaze ni vita nyingine lakini pigana nayo. Na meseji hizi zije kwako tu, mteja mpe ripoti baada ya wewe kuelewa, nilishawahi kumuunga mmoja akawa ananipigia usiku kwa sababu ametoka nafasi ya 2 kwenda 3.

Kuna siku utakuta kila kitu kinalia kwa pamoja. Kabla hujagusa chochote nenda kwenye dashibodi ya hali ya Google Search uone kama kuna apdeti kubwa ya jinsi Google inavyopanga matokeo inasambazwa. Ile ya Machi 2024 ilianza tarehe 5 Machi na kumalizika 19 Aprili, siku 45 za namba kuyumba, na Google wenyewe wanashauri usubiri walau wiki nzima baada ya apdeti kuisha ndo uanze kuchambua. Wakati mwingine hata sio nafasi iliyobadilika, ni kipimo: Septemba 2025 Google iliacha kuunga mkono ile njia ya kuomba matokeo 100 kwenye ukurasa mmoja, zana nyingi za kufuatilia zilikuwa zinaitegemea, basi saiti nyingi zikaona kuonekana kumeshuka na wastani wa nafasi umepanda bila mtu kufanya lolote. Waliokuwa na arifa za kupanda walisherehekea bure.

La mwisho, arifa yenyewe inaweza kufa. Ruhusa ya akaunti imeondolewa, mtu kabadilisha jina la safu kwenye shiti, skripti inagoma na wewe unaona kimya unadhani mambo shwari, mi nimewahi kukaa karibu mwezi mzima na kimya cha namna hiyo. Sasa kila Jumatatu asubuhi skripti inanitumia mstari mmoja hata kama hakuna jipya, "nipo, nimesoma maneno 20, kurasa 20". Mstari huo usipofika mpaka saa tatu, nafungua skripti kwanza, ripoti zingine zinasubiri.