Kabla ya kukomboa, tuambiwe nani ameshika rehani

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, neno ukombozi bado lina maana kwa vijana wa leo?" Vijana watajijibia wenyewe. Mimi, mzaliwa wa Nachingwea, nina la kusema kuhusu sisi watu wazima, hasa wa majukwaani, ambao siku hizi hawazindui kisima wala mfuko wa mikopo bila kusema huo ni ukombozi.

Kwetu neno hili halikuletwa na wanasiasa. Tulilikuta dukani. Umeweka kitu rehani, siku ukirudi na pesa unakikomboa. Hata mzigo bandarini unakombolewa. Kule Bagamoyo, mapadre walioanzisha misheni mwaka 1868 walinunua watoto watumwa, wakasema wamewakomboa, na watoto wale wakaenda kulima mashamba ya misheni na kuozeshwa hukohuko. Kutoka mkononi mwa mtu ni jambo moja, kujua unaingia mkononi mwa nani ni jingine.

Mwaka 1974 njaa ilitubana. Ndio mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kwetu ndio mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mama alikuwa na cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga, aliyoachiwa na bibi. Akaiweka rehani kwa mwenye duka mmoja mjini ili tule. Korosho zilipouzwa akanichukua twende kuikomboa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, kazi yangu ilikuwa kubeba droo na mkanda.

Mwenye duka akasema deni limekua. Mama hakubishana. Akafungua kibindo, akahesabu noti mezani, kisha akaweka kiganja juu yake. "Lete kwanza cherehani." Ikaletwa. Akazungusha gurudumu polepole, akasikiliza, akafungua kile kibati kilicho chini ya sindano. Bobini, kile kidude kinachoshika uzi wa chini, hamna. Kumbe mke wa mwenye duka alikuwa akishonea mapazia miezi yote ile.

"Mama, bobini ni kitu cha senti hamsini, chukua mashine yako uende."

"Kama ni ya senti hamsini, ilete."

Tukakaa. Adhuhuri ikatupita pale. Wateja wanaingia, wanatoka, wengine wanacheka. Mimi nilimvuta kanga kwa aibu, hakunitazama. Mwishowe bobini ikaja, ina uzi wa kijani wa mapazia ya watu. Mama akaufungua wote, akaukunja, akamrudishia mwenyewe. Ndipo alipoondoa kiganja juu ya noti.

Wakati huo majirani zetu walikuwa wapigania uhuru wa Msumbiji, wa chama cha Frelimo, kambi yao ikiwa hapohapo wilayani. Mkataba wa Lusaka, ambao Wareno walikubali kuiachia Msumbiji, ulikuwa umetiwa saini Septemba 1974 na wenzetu walikuwa wanajiandaa kurudi kwao. Redioni tulizoea kusikia Kamati ya Ukombozi, ile iliyoundwa na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1963, ikaweka makao Dar es Salaam na kuongozwa na Hashim Mbita tangu 1972 hadi ilipofungwa 1994. Kamati ile haikuhitaji kutufafanulia neno. Kilichokuwa rehani kilijulikana, aliyekishika alijulikana, hata malipo yalionekana: Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi, Dar es Salaam hapahapa, Februari 1969.

Nilipokaa kuandika nilitaka kusema neno hili lingestaafishwa pamoja na Kamati, mwaka uleule 1994, wakaachiwa waliolifia. Sasa naona sina ubavu huo. Mama alilitumia bila kuomba kibali cha kamati yoyote, na sioni aliyelitumia vizuri kumshinda. Basi na walitumie, hata kwa kisima kama kweli watu walikuwa wakinunua maji kwa mtu mmoja. Tuambiwe tu ni kitu gani kilikuwa rehani, kwa nani, na nani amelipa.

Kijana wa bodaboda akimaliza mkataba na tajiri wake husema amekomboa pikipiki. Hapo nasitasita kidogo, maana pikipiki haikuwa yake tangu mwanzo. Lakini amelipa mara mbili ya bei yake, kwa jua na mvua, kwa hiyo mimi ni nani nimkatalie? Asiyenishawishi ni yule anayegawa mikopo ya kausha damu kwa kina mama, marejesho kila wiki, ukichelewa wanabeba friji na makochi, halafu jukwaani anaiita ukombozi wa mwanamke. Huyo ndiye mwenye duka, na sijui hata kama bobini angeirudisha.