Kansa ya ovari kusambaa tumboni: sindano ya kutoa maji haina kosa

Dada, pole sana kwa kumuuguza mama. Umeuliza kansa iliyoanzia kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya uzazi, imefikaje hadi juu ya ini, na kama ni kweli wanavyosema ndugu zako kwamba iliamshwa na sindano ya kutolea maji yaliyojaa tumboni. Nimemuuguza dada yangu mkubwa kwa ugonjwa huohuo, na maneno hayo nyumbani kwetu yalisemwa sana.

Sindano haina kosa. Kansa hii haihitaji kupita kwenye damu ili isambae. Ovari imekaa wazi ndani ya tumbo, na mara nyingi ugonjwa wenyewe huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi iliyo jirani yake. Seli za kansa hubanduka, moja moja au kwa mafungu, zikaangukia kwenye majimaji kidogo ambayo kila mtu anayo tumboni. Majimaji hayo hayatulii. Tukipumua na utumbo ukicheza, hupanda kutoka kwenye nyonga, hasa kwa upande wa kulia, hadi juu ya ini, chini ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Seli zinapanda nayo.

Kituo chao kingine ni omenta, yale mafuta yanayoning'inia mbele ya utumbo kama aproni. Hapo zinanata na kuyala mafuta yenyewe. Daktari wa dada yangu alinishikisha mkono juu kidogo ya kitovu chake: pagumu, hapabonyei.

Na maji ni matokeo. Mishipa ya damu ya uvimbe inavuja, na vijia vya limfu (majimaji ya mwili yanayorudishwa kwenye damu) vya kwenye kiwambo, ambavyo kazi yake ni kuyanyonya, vimezibwa na seli. Dada alikuwa anakula tonge mbili anasema ameshiba, gauni linambana tumboni huku mabega yamekwisha. Yalipotolewa, jioni ile aliomba uji akamaliza kikombe. Mama naye, seli zilishatapakaa kabla ya sindano. Kumnyima nafuu hiyo kwa hofu ni kumtesa bure.

Hofu ya ndugu zako ina asili yake lakini. Uvimbe ukiwa bado umo ndani ya ovari moja, madaktari hukwepa kuutoboa, maana ukipasuka seli humwagika na hatua ya ugonjwa huhesabiwa 1C badala ya 1A. Mama ameshavuka hapo. Na huyo shangazi uliyemtaja, wa kansa ya shingo ya kizazi, msimlinganishe naye. Ile hutambaa zaidi pembeni na kwenye tezi za limfu, ikibana mirija ya mkojo.

Ugonjwa ukitapakaa hivi ndani ya tumbo huitwa hatua ya 3, na bado unatibiwa: dripu za dawa za kuua kansa, karboplatini na paklitakseli, pamoja na upasuaji wa kuondoa kila uvimbe unaoonekana, omenta ikiwemo. Wengine hupasuliwa kwanza, wengine hupewa dripu kama 3 ndipo wapasuliwe. Mwulizeni daktari mama yuko kwenye mpango upi, na kama maji yaliyotolewa yamepelekwa maabara kutafutwa seli.