Beji ya mionzi haina betri, inakumbukaje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Moshi, nafanya fildi idara ya eksirei. Tumepewa vile vibeji vya kuvaa kifuani, kila baada ya miezi mitatu vinakusanywa vinapelekwa Arusha, maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki, vinasomwa. Sasa kidude hakina betri wala waya, kinajuaje nimepigwa mionzi kiasi gani? Na mwenzangu anasema ukikivaa mionzi haikupati, ni kweli? – Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo linaloweza kukuumiza: beji haikingi chochote. Kinga yako ni aproni yenye madini ya risasi, ukuta, kukaa mbali na kumaliza kazi haraka. Beji inaandika tu.

Inaandikaje sasa, hapo ndo patamu. Ndani kuna vipande vidogo vya fuwele, aina ziko nyingi, nichukue moja inayotumika sana India, kalsiamu salfeti iliyotiwa disprosiamu, yaani moja ya yale madini adimu, na inatiwa kidogo mno, kama sehemu 1 kwa 1000. Mionzi ikipita inang'oa elektroni kwenye fuwele, nyingi zinarudi palepale ila baadhi zinanasa kwenye kasoro za fuwele na zinakaa humo miezi, kwa sababu joto la mwili wako halina nguvu ya kuzitoa. Ukipigwa zaidi, zinanasa nyingi zaidi. Kule maabara wanaipasha moto, ikifika karibu nyuzi 220 zile elektroni zinachomoka, nishati yake inaishia kwa disprosiamu nayo inatoa mwanga, bluu na njano, hafifu sana, mashine inaupima na kutoka hapo wanapata dozi, yaani kiasi cha mionzi uliyopigwa. Ikishasomwa inasafishwa kwa moto, inarudi kazini.

Ile kaseti ya CR unayoibeba kila siku, ile inayonasa picha ya eksirei badala ya filamu, ni ndugu yake. Sahani ya ndani mara nyingi ni chumvi ya bariamu yenye europiamu, dini jingine adimu, nayo inanasa elektroni vilevile, ila haipashwi moto, inapigwa leza nyekundu inatoa mwanga wa bluu, ndo unaona mfupa kwenye kompyuta.

Kwahiyo ukiiacha beji chumba cha eksirei ukaenda kula, itaandika mionzi ambayo hukuipata, na ukiisahau geto halafu ukaingia kazini, dozi yako ya siku hiyo haipo popote, hakuna wa kuirudisha. Usiifungue wala usiianike kwenye dashibodi ya gari, mwanga na joto kali vinaweza kufuta sehemu ya kilichoandikwa.

Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (ndo kipimo cha dozi) kwa mwaka, ukihesabu miaka 5, na wengi wa eksirei za kawaida wanapata chini ya hapo sana. Majibu ya beji yako ni haki yako kuyaona, hata kama we ni mwanafunzi, mwombe afisa usalama wa mionzi wa hapo kwenu akuonyeshe kila yakirudi.