Kompyuta inasingiziwa

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: “Tangu kompyuta iingie, filamu za sayansi ya kubuni zimeongezeka utamu au zimeupoteza?” Nadhani majibu mengi yatalilia ya zamani. Kijiweni kwetu hapa Morogoro hata ubishi haupo: muvi za kale zilikuwa na kazi ndani yake, za sasa ni katuni tupu. Mimi naishi kwa kuhariri video za harusi na mahafali, kitambaa cha kijani, kile unachompiga mtu mbele yake ili baadaye kompyuta imwekee mandhari mengine, ndicho kinachonilisha, na kwa ninayoyaona nasema kompyuta inasingiziwa. Kinachoua picha ni uamuzi uliocheleweshwa. Madoido, yaani ujanja wa kuonyesha kisichokuwepo, yaliyotuingia, ya mwaka 1902 au ya juzi, yaliamuliwa kabla kamera haijawashwa. Yanayotuchefua ni ya mtu aliyepiga picha kwanza halafu akasema mengine tutajua mbele ya safari.

Georges Méliès, Mfaransa, alikuwa mtu wa mazingaombwe mwenye ukumbi wake Paris kabla hajagusa sinema. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja kamera ilimkwamia akipiga picha barabarani; alipokuja kuitazama kanda, gari la abiria likageuka gari la maiti mbele ya macho yake. Hata kama aliipamba kidogo hadithi hiyo, ujanja wenyewe aliutumia miaka yote: simamisha kamera, watu wagande, mwondoe mmoja, endelea. Katika safari yake ya mwezini ya 1902, filamu ya dakika kama 14, wakazi wa mwezini wakipigwa mwavuli wanageuka moshi. Aliyesogea wakati kamera imesimama aliruka kwenye picha, na ukumbi mzima ukamwona.

Lakini ninayemhusudu hasa ni Eugen Schüfftan, aliyefanya kazi kwenye Metropolis ya Ujerumani, iliyotoka 1927. Aliweka kioo mbele ya kamera kwa mshazari wa nyuzi 45, kikiakisi mfano mdogo wa jengo uliokuwa pembeni. Kisha ile rangi ya fedha ya kioo ikakwanguliwa, pale tu ambapo waigizaji walitakiwa kuonekana. Kamera ikawaona watu kupitia sehemu iliyokwanguliwa, wamesimama mbali kule nyuma, huku sehemu iliyobaki ya kioo ikionyesha jengo. Mfano wa kuwekwa juu ya meza na binadamu wazima wakakaa kwenye fremu moja, bila kukata wala kuunga. Ukikwangua pasipo, katafute kioo kingine.

Wajapani nao. Eiji Tsuburaya alivutiwa sana na King Kong ya 1933, ambamo mdoli wa nyani ulisogezwa kidogo kidogo, fremu moja baada ya nyingine. Alipopewa kazi ya Godzilla mwaka 1954 muda wa kufanya hivyo haukuwepo, basi akamvika mtu, Haruo Nakajima, vazi zito la mpira na kumwachia atembee juu ya mji wa vijumba. Ili dude lionekane lina uzito, kamera iliendeshwa mbio kuliko kawaida, filamu ikionyeshwa kila kitu kinakwenda polepole na ghorofa linaporomoka kwa fahari. Hilo huwezi kuliongeza kesho yake. Kitu kimoja tu kiliwashinda wote wa zama hizo, nacho ni maji: nyumba unaweza kuipunguza, mti unaweza kuupunguza, tone la maji halipunguzwi.

Halafu 1968 ikaja 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, na hapa Afrika inaingia bila wengi kujua. Ile sehemu ya mwanzo, ya watu-nyani nyikani, waigizaji wake walikuwa ndani ya studio Uingereza. Nyika nyuma yao ni picha za mnato zilizopigwa Namibia. Zilirushwa kutokea mbele, kupitia kioo cha mshazari kilichoweka mwanga na jicho la kamera kwenye mstari mmoja, hadi kwenye pazia kubwa lenye utando wa punje ndogo ndogo za kioo, jamii ya ule unaobandikwa kwenye alama za barabarani ukawaka taa za gari zikiupiga. Pazia la namna hiyo hurudisha karibu mwanga wote kule ulikotoka. Mwanga huo huo ukiwaangukia waigizaji ni hafifu mno kuonekana, na kivuli cha kila mmoja kinajificha nyuma yake sawasawa. Dosari ilikuwa moja, ikageuka neema: kuna chui juu ya mzoga, na macho yake yanawaka kwa namna ya kutisha, kwa sababu nayo yanarudisha mwanga wa projekta. Irudieni muone. Na hapo hakuna aliyeweza kusema jangwa tutalichagua baadaye. Jangwa lilikuwa limeshapigwa picha na kupakiwa kwenye projekta, ndipo mtu akavaa manyoya.

Star Wars ya 1977 naipita haraka maana kila mtu ameshaisema. George Lucas alianzisha karakana ya Industrial Light & Magic mwaka 1975, na humo John Dykstra na wenzake wakaunda kamera yenye mota na vifaa vya elektroniki vilivyokumbuka kila mwendo, ikaweza kurudia njia ile ile mara nyingi bila kukosea. Kwa hiyo elektroniki ziliingia jikoni mapema kuliko wanavyodhani wanaolalamika. Chombo cha plastiki kilisimama, kamera ndiyo iliyoruka. Kila tabaka la picha lilipigwa peke yake mbele ya pazia la buluu, ndugu wa kitambaa changu cha kijani, yakaunganishwa baadaye, na mara nyingine mstari mweusi ukabaki kwenye kingo za vyombo. Sisi wa kibanda umiza hatukuuona. Mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda uliokwisha kunakiliwa, televisheni moja kwa watu wa mtaa mzima, na juu yake sauti ya mfasiri wa aina ya Lufufu akiongeza maneno ambayo steringi hakuyasema: nani alikuwa na nafasi ya kukagua kingo? Nashuku utamu wa zamani tunaoulilia nusu yake ulitoka kwa yule mfasiri.

(Kwa kuwa tuko zama hizo: lile dude la Alien, 1979, ndani yake alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Ridley Scott alimwonyesha kwa vipande, mkono hapa, taya pale. Tungemwona mzima kwenye mwanga mweupe tungecheka.)

Mwaka wa kubishania hasa ni 1993. Jurassic Park ina zaidi ya saa 2, lakini dinosaria wanaonekana kwa takriban robo saa, na waliochorwa na kompyuta hawafikishi nusu ya hiyo robo. Waliobaki ni madude ya mitambo ya Stan Winston. Yule mkubwa wa urefu wa kama mita 12 alipigwa picha chini ya mvua ya kutengenezwa. Ngozi yake ikanywa maji, ikawa nzito, akaanza kutetemeka ovyo, mafundi wakawa wanamkausha kwa mataulo. Kompyuta ilipofika ilikuta usiku umeshachaguliwa, mvua ipo, taa za magari zipo, na dude lenyewe lipo la kulinganishia. Kazi yake ikawa kulitembeza tu pale ambapo mitambo haiwezi kutembea.

Phil Tippett, bingwa wa kusogeza midoli fremu kwa fremu, alipoona majaribio ya kompyuta alisema yeye sasa ametoweka kama dinosaria wenyewe, na Steven Spielberg akaitia kauli hiyo kwenye filamu. Hakutoweka. Walimbakiza kwa sababu vijana wa kompyuta walijua kuchora ngozi, ila mnyama wa tani kadhaa anavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine alikijua yeye kitu hicho. Ukatengenezwa mdoli wenye vihisio kwenye viungo: fundi anauinamisha kwa mkono, kompyuta inasoma. Oscar ya madoido ya filamu hiyo jina lake limo.

Sasa mambo yalipoharibikia. Bwana harusi anakuja kwangu: “Kaka, wewe tupige tu, nyuma utatuwekea Zanzibar.” Sawa, Zanzibar ya asubuhi au ya jioni? “Utaona mwenyewe.” Nampiga taa ikiwa kushoto. Baadaye analeta picha ya ufukwe aliyoipenda, jua liko kulia. Pua yake ina kivuli upande mmoja, minazi ina kivuli upande wa pili. Mashangazi wakiitazama sebuleni hawawezi kukuonyesha kosa liko wapi, lakini watakwambia papo hapo: hii imeeditiwa.

Huko Hollywood bwana harusi ni studio. Mwigizaji anasimama mbele ya kijani akiongea na mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye fimbo, mwanga umemwagwa sawasawa kila upande ili mlango wowote usifungwe. Kampuni za madoido zinachukua kazi kwa bei ya jumla, kisha mabadiliko yanamiminika huku tarehe ya kuonyeshwa haisogei. Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues ya California iliomba kinga ya mufilisi, na mwezi huo huo kazi yake ikashinda Oscar ya madoido kwa filamu ya kijana aliyekwama baharini na chui milia. Aliyepanda kushukuru alipofika kwenye shida za kampuni hiyo, muziki ukapigwa kumkatiza. Wasanii wenzake walikuwa mtaani karibu na ukumbi, wakiandamana. Hao ndio tunaowaita wavivu waliotuharibia muvi.

Wapenzi wa zamani wakibanwa hunitolea Mad Max: Fury Road ya 2015: “Ile haina kompyuta!” Inayo, tena tele. Vipande vipatavyo 2,000 vilipita humo. Magari yalipinduliwa kweli katika jangwa la Namibia, hilo sikatai, lakini ile dhoruba ya mchanga, ile ngome ya mwamba na mkono uliokatika wa mhusika Furiosa vimetoka kwenye kompyuta. Hamkuona kwa sababu George Miller alikwenda kazini na filamu nzima ikiwa imechorwa kwenye michoro kama 3,500. Aliyekaa mbele ya kompyuta alijua anaombwa nini.

Turudi 2009: mwaka huo ilitoka Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya, na District 9 ya Neill Blomkamp, na zote mbili ningependa wabishi wa kijiweni wazione kabla hawajaongea. Ya Blomkamp iligharimu kama dola milioni 30, pesa ndogo kwa kazi hiyo, na ilipigwa Chiawelo, Soweto, kwa kamera ya kutikisika kama ya taarifa ya habari. Mwigizaji Jason Cope alisimama pale juani akiwa badala ya viumbe, ndipo kompyuta ikamvisha magamba. Jua ni moja, vumbi ni moja, macho yanaridhika. Pumzi ya Mkenya huyo ni dakika 21 tu: Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji, watu wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinasafishwa wavinywe tena. Bajeti haikumruhusu Kahiu kusema tutaona. Kuta zake chache, nguo chache, jangwa kubwa, kila kitu kimepimwa. Kuna mahali kompyuta yake inaonekana wazi, nami simlaumu, maana nilikuwa nimeshashikwa na kiu.

Kule kwa matajiri nako wameanza kurudi. The Mandalorian, 2019, mfululizo wa televisheni, sehemu kubwa ilichezwa ndani ya ukuta wa skrini za LED uliozunguka waigizaji na kuwafunika juu, mandhari yakiwaka humo na kusogea kamera inaposogea. Mwanga wa jangwa la uongo unaangukia kofia ya chuma kikweli. Lakini ili ukuta uwake Jumatatu, jangwa lazima liwe limekamilika kabla ya Jumatatu. Ni shuruti ile ile iliyombana Kubrick.

Na kama mnataka jibu langu kwa filamu moja, ni Godzilla Minus One ya 2023. Takashi Yamazaki aliiandika, akaiongoza, na madoido akayasimamia mwenyewe. Wasanii 35, vipande 610, bajeti iliyotajwa kuwa chini ya dola milioni 15, na Machi 2024 wakawapita wenye mamilioni ya mamia wakachukua Oscar. Kabla yake mwongozaji aliyewahi kuishika tuzo hiyo kwa filamu yake alikuwa Kubrick peke yake. Yamazaki alikaa chumba kimoja na wasanii wake. Kipande kikiletwa anakijibu pale pale, ndiyo au hapana, naye alikuwa anajua tangu mwanzo taa iko upande gani.

Wabishi watafute hiyo na ile ya 1954, waziangalie zote mbili kwa usiku mmoja, macho yakiwa kwenye maji. Katika ya kwanza, kila Godzilla akiingia baharini matone yanamsaliti, ni makubwa mno kwa mwili anaodai kuwa nao. Katika ya pili anafukuza kaboti ka mbao kanakotegua mabomu, na povu linalopasuka kifuani mwake, lililotoka lote kwenye kompyuta, lina uzito ambao Tsuburaya na mapipa yake ya maji hakuupata.