Sanduku dogo la sintesaiza: anza na moduli zisizotoa sauti

Nilipoingia kwenye sintesaiza za moduli, yaani ala za umeme zinazojengwa kwa vipande (moduli) vinavyounganishwa kwa waya, nilikuwa mpiga kinanda wa taarabu, na nilichagua kwa sikio tu. Nikisikia osileta, moduli inayozalisha sauti, inanguruma vizuri, naagiza. Baada ya miezi minane sanduku langu lilikuwa na osileta tatu, filta mbili za kuchuja sauti na VCA moja ya kupandisha na kushusha nguvu ya sauti. Sauti zilikuwepo, tena nzito, lakini kila nilichopiga kilikuwa mlio mmoja mrefu usiopumua. Sikuwa na kitu cha kuufungua na kuufunga. Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, wadogo zangu, ili pesa yenu isipite njia ile.

Mfumo ninaousemea ni Eurorack, ulioanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990 kwa moduli zake za A-100. Kimo cha kila moduli ni milimita 128.5. Upana hupimwa kwa HP, na HP 1 ni milimita 5.08, kwa hiyo safu ya HP 84 ina kama sentimita 43 tu za kuchezea. Moduli ya Doepfer hukaa bega kwa bega na ya Make Noise ya Marekani au ya Intellijel ya Kanada, zikazungumza kwa waya wenye jeki ya milimita 3.5.

Lugha yao ni volti. Sauti yenyewe ni volti inayopanda na kushuka haraka, na amri ya kuibadilisha sauti hiyo ni volti vilevile. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Osileta inasikika dukani, moduli ya kutoa amri haisikiki, basi mkono unakwenda kwa inayosikika. Kumbe osileta bila amri ni kama fidla iliyowekwa mezani.

VCA ichukulie kama mlango. Volti ikipanda mlango unafunguka, ikishuka unafungwa. Nota haina mwanzo wala mwisho mpaka mlango huo upate mtu wa kuufungua, na huyo ni moduli ya envelopu: unaipa pigo moja, inapanda kwa kasi uliyoipanga, kisha inashuka. Ila VCA haiishii kwenye sauti. Ipitishie wimbi la LFO, osileta ya polepole isiyosikika yenyewe, huku envelopu ikiufungua mlango polepole, na mtetemo wa nota utaingia taratibu kadiri nota inavyoendelea, kama mwimbaji anavyovuta mwisho wa ubeti. Ndiyo maana VCA moja haitoshi hata kwenye sanduku dogo. Mimi siku hizi sianzi na chini ya nne.

Mpango ambao ningempa mtu wa HP 84 leo ni huu. Sauti: moduli moja tu, Plaits ya Mutable Instruments, HP 12. Ilitoka na aina 16 za sauti, kuanzia mawimbi ya kawaida mpaka nyuzi na ngoma. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2022, lakini michoro yake iliachwa wazi, na mafundi wengine wanaendelea kuitengeneza. Amri: Maths ya Make Noise, HP 20. Inakula nafasi, najua, lakini ni envelopu mbili, ni LFO mbili, ni kichanganya volti, na ukiijua inageuka kuwa vitu vingine vingi. Milango: Quad VCA ya Intellijel, yenye VCA nne, HP 12, ambayo pia inafanya kazi ya mikisa, yaani kuchanganya sauti. Halafu filta ya kama HP 8, moduli ya volti za kubahatisha HP 8, ya kupokea MIDI (ishara za nota zinazotumwa na kinanda cha umeme) HP 6, na ya kutolea sauti HP 6. Jumla 72. Hizo 12 zilizobaki ziache wazi, uzibe kwa kibao kitupu. Ukishapiga miezi mitatu utajua mwenyewe kilichopungua.

Sikwensa, moduli inayopiga yenyewe mfuatano wa nota uliopangwa, sijaiweka makusudi. Mwenye kinanda nyumbani tayari ana vidole, na sikwensa nzuri humeza robo ya sanduku. Anayetengeneza midundo ya kujirudia atapanga vingine: atoe filta na volti za kubahatisha, aweke sikwensa.

Jambo jingine ni kwantaiza, moduli inayoivuta volti yoyote mpaka kwenye nota iliyo karibu. Oktava moja ni volti 1, nusu toni ni volti 0.083. Kwantaiza nyingi zinajua nota hizo 12 tu. Kwetu tuliolelewa na ganuni na udi, huo ni ukuta. Nota ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqam za muziki wa Kiarabu, haimo ndani ya nota 12. Iko kati, kama robo toni chini ya ile ya kinanda, yaani volti 0.042 hivi. Kabla ya kununua, soma kama kwantaiza inakubali skeli unazozipanga mwenyewe. Kama haikubali, iache.

Mimi naipata robo toni bila kwantaiza. Volti ya nota inaingia Plaits kwenye jeki yake ya V/OCT (volti 1 kwa oktava) kama kawaida. Kwenye jeki ya FM, ambayo nayo hupandisha au kushusha nota, nachomeka waya kutoka kwenye kitufe kinachotoa volti 5 ninapokibonyeza. Nobu ndogo ya FM ikiwa katikati kabisa, hakuna kinachobadilika. Naisogeza kushoto unywele mmoja tu, nabonyeza, nasikiliza. Nota imeshuka mno, narudisha kidogo. Mara ya kwanza nilikaa na rekodi ya ganuni karibu saa nzima, mpaka nota mbili zikaacha kugombana. Tangu hapo mkono wa kulia unapiga kinanda, wa kushoto uko kwenye kitufe. Raha niliyoipata jioni ile sijaipata kwenye moduli yoyote niliyoinunua kwa kung'ara kwake.

Haya yote unaweza kuyajaribu bila kutoa hata shilingi. VCV Rack ni programu ya bure ya kompyuta, ilitoka mwaka 2017, na unaweza kuongeza ndani yake Plaits kwa jina la Macro Oscillator 2. Jiwekee sharti la HP 84, usivuke. Piga wiki mbili. Moduli usiyoigusa wiki hizo mbili usiinunue.

Sanduku lenyewe lina mambo mawili ya kuhesabu, kina na umeme. Masanduku membamba hayapokei moduli ndefu kwa nyuma, kwa hiyo pima. Umeme nao huja kwa njia kuu mbili, volti 12 chanya na volti 12 hasi, na baadhi ya moduli huomba pia volti 5. Jumlisha miliampea za moduli zako kwa kila njia peke yake, kisha acha akiba ya robo hivi, kwa sababu nyingine huvuta zaidi sekunde ile ya kuwashwa.

Kisha waya bapa wa nyuma. Una mstari mwekundu pembeni, na mstari huo unakwenda upande wa volti 12 hasi. Nilishawahi kuchomeka usiku, nimechoka, nikaamini kwamba mwekundu ni chanya kama kwenye betri ya gari. Nilisikia mlio mdogo, ukafuata moshi wenye harufu kali, na moduli niliyoisubiri wiki sita ikafa mikononi mwangu. Moduli nyingi sasa zina kinga, lakini si zote. Chomoa umeme ukutani kwanza. Tafuta maandishi ya -12V kwenye ubao wa moduli na kwenye ubao wa sanduku, yaangalie kwa tochi, ncha zote mbili. Chomeka moduli moja, washa, taa zikiwaka vizuri zima tena, ndipo uchukue ya pili. Na sauti ya kutokea ianze chini kabisa, kwa maana volti za moduli zina nguvu mara kadhaa kuliko za kinanda, na spika zako hazijazizoea.