Ukipewa airisi, muulize aliyekupa ilikotoka

"Shikamoo mama, hii itaota?" Hapa kitaluni Ilazo, Dodoma, swali hilo haliishi, na muulizaji huwa ameshika kipande cha mzizi kilichosinyaa ndani ya gazeti, kimetoka Lushoto au kwa ndugu aliyeko Ulaya. Itaota. Airisi, mmea wa maua ya bustani, ina shina nene linalolala ardhini kama tangawizi, ndilo tunaloliita mzizi, limejaa akiba ya chakula, na hukaa wiki kadhaa bila udongo wala maji. Asili yake ni kaskazini mwa dunia, huku kwetu imefikia kwenye mizigo ya watu.

Mfano mzuri ni Iris albicans, airisi nyeupe ya Yemen na Saudi Arabia. Haizai mbegu, lakini utaikuta Uturuki hadi Hispania, kwa sababu Waislamu waliipanda makaburini kila walikohamia. Yaani kila shina liliwekwa pale na mkono wa mtu.

Ile ya njano ya majini, Iris pseudacorus, mimi siipokei. Mbegu zake huelea, na kipande cha mzizi kikisombwa na maji huota popote kitakapokwama. Marekani na Afrika Kusini waliichukua kupamba mabwawa, leo wanahangaika kuing'oa. Nasi makorongo yetu tunayajua mvua ikikolea.

Ukiletewa kutoka nje ya nchi, isipitishwe kimyakimya kwenye begi. Inatakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na wahusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Udongo mchache tu uliogandia mzizini unatosha kubeba minyoo na ukungu.

Kupanda ni rahisi: inua tuta, weka mzizi mgongo wake ukiwa nje upigwe jua, punguza majani nusu. Ukiufukia wote kwenye udongo wetu unaotuamisha maji, mvua za Desemba hadi Aprili zitauozesha. Ila usitarajie maua mengi. Zile zenye ndevu, yaani manyoya kwenye petali za chini, hutaka baridi kali kwanza, na baridi yetu ya Juni na Julai, pamoja na upepo wote ule, ni ya sweta tu.

Mwenye haraka ya maua namuuzia Dietes, ndugu yake wa Afrika. Dietes iridioides huota yenyewe hata Tanzania. Wauza miche wengi nayo huiita airisi, na sibishani nao. Ua moja hudumu siku moja, kesho linachanua jingine. Iweke penye kivuli cha mchana na uimwagilie kiangazi.